Kumuulizia Dada kwa Kijapani

Neno la kwanza la Kijapani nililojifunza kwa makusudi lilikuwa shinjiru, yaani kuamini. Salamu nilikuwa nazijua tangu zamani, maana shemeji yangu ni Mjapani, na mtu huwezi kuwa na shemeji ukakosa hata salamu. Lakini neno kuamini sikuwahi kulihitaji. Nililihitaji dada yangu alipofariki huko kwa mumewe, na mama akaniambia, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake kijijini Akheri anamenya ndizi, "Wewe si mwalimu? Jifunze hiyo lugha yao, umuulize yule mtu kama mwanangu alikufa akiamini."

Nikamwambia mama, mimi nafundisha darasa la tatu, hesabu na Kiswahili, sifundishi Kijapani. Wala hakuinua kichwa. Akasema, "Watoto wa darasa la tatu wanajifunza kila siku vitu wasivyovijua. Wewe una nini?" Mama yangu ukibishana naye unajichosha bure.

Inabidi nieleze kwa nini lilikuwa jambo zito, maana mtu wa mbali anaweza kusema, si amekufa, mzikeni. Tulizaliwa wasichana wawili. Dada alinitangulia, akasomea kilimo cha mbogamboga, akapata nafasi ya kwenda Japani miezi michache kujifunza kulima nyanya ndani ya vitalu nyumba, yale mabanda ya plastiki. Jirani na walipokuwa wanajifunza kulikuwa na mwanamume mpole aliyekuwa anavijenga vile vitalu. Miezi michache ikawa miaka. Wakaoana kwenye ofisi ya serikali, kwa kutia sahihi, hakuna mchungaji, hakuna pete kanisani, hakuna chochote. Kwa Walutheri wa kwetu ile si ndoa. Dada akatengwa na Meza ya Bwana, kama anavyotengwa binti yeyote wa mtaani kwetu aliyeanza maisha na mtu bila kupita kanisani.

Aliyetengwa hatupwi. Siku akitaka, anasimama mbele ya usharika, anatubu, anaombewa, ndoa inabarikiwa, yamekwisha. Tunaita kurudi kundini. Tatizo ni yule anayekufa kabla hajarudi. Huyo hapigiwi kengele na mchungaji haji. Majirani wanachimba, wanafukia, wanakunywa chai, wanatawanyika. Nimeshakaa kwenye mazishi ya namna hiyo, na ule ukimya sikuupenda. Wazazi wa marehemu walikuwa wanaangalia chini kana kwamba wameiba kitu.

Mama alimwambia dada kwa simu, mapema kabisa, "Pita kanisani kwanza, halafu uje kwangu." Dada akamjibu, "Mama, dhambi nitatubu. Mume siwezi kumtubu." Wote wawili walikuwa na shingo moja ngumu, ile ya upande wa babu. Hapo wakabaki. Walikuwa wanatumiana salamu kupitia kwangu, mama ananiuliza kama yule mwenzako ni mzima, dada ananiuliza kama miguu ya mama bado inavimba. Mimi nikawa posta yao.

Mara moja tu alikuja. Ilikuwa kabla ya ugonjwa. Walikaa kwangu Njiro, Arusha, yeye na mumewe, wiki moja na kitu. Nilimwambia mama kwamba wamefika, akasema, "Kanisa analijua lilipo." Nilimwambia dada, akasema, "Na mimi nyumbani kwetu napajua palipo." Nikakasirika, nikawaambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba wataniua kwa presha. Siku moja walitoka asubuhi, wakasema wanakwenda kutembea mjini. Walirudi jioni na mfuko mzima wa ndizi mbivu. Nikamtania, "Ndizi hizi hapa Njiro zimejaa, mmekwenda kuzifuata mbinguni?" Hakucheka. Alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Kesho yake wakaanza kufunga mizigo.

Halafu saratani. Halafu simu. Halafu nikasikia kwamba wamemchoma.

Kule kwao ndivyo wanavyofanya, wote, tajiri na maskini. Mimi nilijua, lakini kujua ni kitu kingine na kumwambia mama yako ni kitu kingine. Mjini nanunua madaftari ya shule kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi, tunafahamiana miaka mingi. Nilipomsimulia aliacha kunihesabia chenji, akasema, "Dada, baba yangu na mama yangu wote tuliwachoma hapa hapa Arusha. Mwambie mama moto haumalizi mtu." Nilikwenda nikamwambia. Mama akasema wao wana dini yao, na kwenye dini yetu mtu anarudi mavumbini polepole, hasukumwi. Neno majivu hakulitamka hata siku moja. Alikuwa anasema tu, "Mtoto akija."

Shemeji alikuwa ameandika kwenye simu, kwa ile programu ya kutafsiri: "Nakuja na mke wangu baada ya siku za maombolezo kwisha. Kwenye ndege nitampakata." Nilisoma nikakaa chini.

Mahali pa kumzika palikuwepo, kwenye migomba, pembeni ya baba. Kilichokuwa hakipo ni kengele. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na si mtu mbaya, ndiye aliyetufundisha kipaimara sisi wote wawili, alikuja akakaa na mama na mimi, akasema hivi: kanisa haliwezi kumhukumu mtu aliyekufa mbali bila kusikia habari za mwisho wake. Apatikane shahidi. Mtu aliyekuwa kitandani pake aseme kwamba alikufa akiamini, mchungaji atakuja na kengele itapigwa. Shahidi akikosekana, basi. Na shahidi alikuwa mmoja tu duniani, mtu wa vitalu, asiyejua Kiswahili na Kiingereza chake ni cha kuulizia njia. Nikauliza kama simu inaweza kutafsiri. Mzee akasema, "Mwalimu, simu haiwezi kuwa shahidi. Simu inasema chochote unachoiambia."

Ndipo mama akaniambia nijifunze. Na nikajifunza.

Nina jirani Njiro anayeongoza watalii wa Kijapani. Nilimwendea Jumamosi nikamwambia anifundishe maneno ya dini. Alicheka. Alikuwa anajua tembo, twiga, duma, maji ya moto, choo kiko mbele, tafadhali usishuke kwenye gari. Mungu hakuwahi kumhitaji kazini. Lakini alinirekebishia matamshi kwa uvumilivu mkubwa, na alinisimulia kitu ambacho sikukisahau. Alisema wageni wake wakiuona mlima asubuhi ukiwa mweupe bila wingu, wengi wanakutanisha viganja na kuinamisha kichwa. Akawauliza, mnaomba nini, mnamwomba nani? Wakashangaa. Wakamwambia hawana dini.

Basi hilo nalo likawa neno langu: mushukyo, asiye na dini. Yaliyobaki niliyatafuta mwenyewe kwenye simu, nikayaandika kwa kalamu ya ubao kwenye vipande vya maboksi, nikavibandika juu ya sinki. Shinko, imani. Inoru, kuomba. Kyokai, kanisa. Senrei, ubatizo. Tamashii, roho. Haka, kaburi. Nilijifunza nikiosha vyombo, maana ndio muda pekee ambao hakuna mtu ananiita mwalimu. Neno kaburi nilijifunza nikisugua sufuria la ugali, nikalia mpaka nikaacha lile sufuria liloweke.

Kilichokuwa kinaniudhi ni kwamba yale maneno hayakuwa yanakaa mahali pake. Nafundisha watoto kwamba meza ni meza. Sasa chukua kami. Simu inasema Mungu. Halafu unaendelea kusoma, unakuta kami yupo wa mto, yupo wa mti mkubwa, yupo wa jiko, na Wakristo wa huko nao wanamwita Mungu wao kwa neno hilo hilo. Chukua hotoke. Ni yule mwanzilishi wa dini yao ya Kibudha, halafu pia ni marehemu yeyote yule, hata wako wewe. Nilikuwa nazungumza na vipande vya maboksi kwa hasira. Nitamuulizaje mtu kama mke wake alimwamini Mungu, ikiwa Mungu ninayemtaja mimi anaweza kuwa wa jiko?

Na kulikuwa na huzuni nyingine ndani ya kazi ile. Dada yangu aliishi ndani ya maneno haya. Aliuliza bei kwa maneno haya, alimwambia daktari wapi panauma. Aliugua kwa lugha ambayo hapa kwetu hakuna mtu angeweza kumjibu. Mimi sasa ndiyo naokota neno moja moja, wakati mwenye kuzungumza naye hayupo tena.

Ili nijipime, nilijaribu kuitafsiri sala ya nyumbani kwetu. Hii haipo kwenye kitabu chochote. Mama aliitunga mwenyewe tulipokuwa wadogo, akawa anaisema kila jioni mlango ukishafungwa, na kwa Kiswahili, kwa sababu aliona Kimeru ni cha kusemeana sisi kwa sisi na Mungu ni mgeni wa heshima. Ilikuwa fupi: Mungu, jua limezama na sisi tupo. Baba arudi. Ng'ombe alale. Upepo usivunje migomba. Aliye njiani mfikishe. Amina. Baba alikuwa anapenda pombe, ndiyo maana yumo. Jua nililipata kwa Kijapani, na ng'ombe, na upepo. Sentensi ya aliye njiani mfikishe ilinishinda. Niliijaribu kila namna nikaiacha.

Swali lenyewe nilikuwa nimelikamilisha: Ane wa kami-sama o shinjite imashita ka. Dada yangu alimwamini Mungu? Nililisema barabarani, nililisema nikisahihisha madaftari, mpaka mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, unaimba?"

Siku ilipofika nilikwenda uwanja wa ndege na gari la kukodi. Shemeji alitoka amevaa suti nyeusi, amekonda, amekumbatia boksi lililofungwa kitambaa cheupe. Begi lake la nguo alilivuta kwa kidole kimoja ili mikono isiachie lile boksi. Nilitaka kumsalimu kwa Kijapani, maneno yote yakanikimbia. Yeye akainama, akasema kwa Kiswahili, "Pole, shemeji." Dada ndiye aliyemfundisha, nani mwingine?

Tulipofika Akheri mama alikuwa amesimama mlangoni na kitenge cha msiba. Walikuwa hawajawahi kuonana. Shemeji aliinama sana, boksi likiwa kifuani, akasema, "Shikamoo, Mama." Mama akaangalia boksi, akaangalia urefu wake na upana wake, akasema kwa sauti ndogo, "Mbona amekuwa mdogo hivi." Ndipo akakumbuka, akaitikia marahaba.

Tuliweka meza ndogo sebuleni, mama akatandika kitambaa chake cha kufuma, boksi likakaa hapo pamoja na picha ya dada. Jioni mama alipika loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, maana dada alikuwa anakipenda kuliko nyama. Hatukuzungumza sana. Mimi nilikuwa na maneno ya roho na ubatizo, sikuwa na maneno ya kumwambia mtu kwamba maji ya kuoga yapo nyuma ya nyumba.

Asubuhi mama alipasha moto loshoro iliyobaki. Alipompa shemeji bakuli lake, yeye hakula. Alilichukua kwa mikono miwili, akalipeleka mezani, akaliweka mbele ya boksi. Akakutanisha viganja, akafumba macho. Mama alikuwa amesimama na mwiko. Akaweka mwiko chini, akaenda moja kwa moja, akalitwaa lile bakuli akarudi nalo jikoni.

Nikamfuata. "Bibi yangu," aliniambia, "alikuwa anawamwagia wafu maziwa chini ya mgomba. Aliacha siku aliyobatizwa. Tumeyaacha hayo. Leo mchana wazee wanakuja, wakikuta marehemu anapewa chakula humu ndani, kuna kengele tena? Mwambie."

Nikaenda nikamwambia, kwa Kijapani changu cha maboksi: wazee wa kanisa, chakula, vibaya. Nilikuwa naona aibu. Alisikiliza, akainama kuomba radhi, akaweka mikono juu ya magoti. Alisema sentensi moja tu, na bahati mbaya niliielewa yote. Alisema, atakuwa na njaa. Sikuitafsiri kwa mama.

Mchana mzee wa kanisa alikuja na wenzake wawili. Walikunywa chai, wakampa mkono shemeji, wakaomba kidogo. Halafu mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Mwalimu, tumuulize sasa." Mama alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango wa jikoni, ameshika pindo la kitenge. Nikamgeukia shemeji, nikasema swali langu lote bila kukosea.

Akaangalia picha ya dada. Akajibu, "Wakarimasen." Sijui.

Neno hilo hata wanaokaa na watalii wiki moja wanalijua. Mtu amelala na mke wake miaka yote hiyo, amemshika mkono mpaka mwisho, unamuuliza kama aliamini, anasema hajui! Nilimchukia dakika ile, nasema kweli. Baadaye nimefikiri, nikaona alikuwa mwaminifu kuliko sisi wote, kwa sababu moyo wa mtu ni wa mtu. Lakini pale wazee watatu walikuwa wananiangalia, na mama alikuwa ananiangalia, na Kijapani humo ndani nilikuwa nakijua mimi peke yangu. Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari umeshajikunja.

Kabla sijafungua mdomo, shemeji akaendelea. Alisema polepole, akinisaidia kwa mikono. Hajui aliamini nini. Lakini alikuwa anaomba. Kila siku, wakishafunga mlango. Maneno yale yale kila siku. Maana yake hakuwahi kumwambia, na yeye hakuuliza, alikuwa anakaa tu pembeni. Hospitali sauti ilipomwisha, alikuwa anamwangalia kama anayetaka kitu, ndipo akagundua anataka yale maneno. Basi akawa anamsemea yeye. Na alipofariki hakuacha, anayasema mpaka leo.

Nikatafsiri. Mzee wa kanisa akasema, "Ayaseme."

Shemeji akatoka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya ile meza, akakaa juu ya visigino vyake. Alifumba macho. Akasema, kwa ulimi ule usiokuwa na l:

"Mungu, jua rimezama na sisi tupo. Baba arudi. Ng'ombe arare. Upepo usivunje migomba. Ariye njiani mfikishe."

Nilisikia mama akivuta pumzi. Nikadhani imekwisha, nikangoja amina. Haikuwa imekwisha. Dada alikuwa ameongeza.

"Umwambie mama nirifika Tengeru. Amina."

Sote tukamkazia macho. Shemeji akafumbua macho, akatuona, akaogopa, akaniuliza kama amekosea. Kwake yeye ilikuwa sauti tu, ameishika kama mtoto anavyoshika wimbo. Mzee wa kanisa alikuwa wa kwanza kuzungumza. Alisema, "Tengeru hii yetu?" Maana Tengeru ni hapo chini tu, kwenye lami, ndipo unapoiacha barabara kuu upande kuja Akheri.

Nikamuuliza shemeji, kwa maneno niliyokuwa nayo na mengine kwa vidole. Akakumbuka. Ni siku ile, walipokuwa kwangu. Walipanda gari wakashuka mahali penye soko. Mke wake alisimama mwanzo wa barabara inayopanda, akasimama sana, jua kali, yeye akamshikia mwavuli. Halafu akanunua ndizi nyingi, akasema turudi. Shemeji miaka yote alidhani walifuata ndizi.

Nilimtafsiria mama, mgongo wangu ukiwa umemwelekea, kwa sababu sikuweza kumtazama. Nilikumbuka nilivyomtania dada kwa zile ndizi.

Mama aliinuka. Aliingia jikoni, tukasikia kifuniko cha sufuria. Alirudi na bakuli la loshoro, amelishika kwa mikono miwili kama alivyolishika shemeji asubuhi, akapita mbele ya wazee wa kanisa wote watatu, akaliweka mbele ya boksi. Akalisogeza kidogo, likae karibu zaidi. Akasema kwa Kimeru, "Kula, mwanangu." Mzee wa kanisa akainama, akaanza kuigeuza kofia yake gotini, anaangalia upande wa ndani kama kuna maandishi. Wenzake wakaangalia dari. Halafu mzee akasema, "Mama, kengele itapigwa." Mama akasema asante bila kugeuka.

Ilipigwa. Mchungaji alikuja, kwaya ikaja, majirani walijaa mpaka nje ya migomba, na wengi walikuja kuona mtu anazikwaje akiwa ndani ya boksi, nawajua. Shimo lilikuwa dogo, vijana walilichimba haraka wakabaki hawajui wafanye nini na majembe. Mama aliyeitaka ile kengele kuliko kitu chochote alikuwa amekaa kwenye mkeka, na ilipokuwa inalia aliniinamia nikadhani anataka maji. Aliniuliza, "Ilikuwa mwezi gani, ile siku ya ndizi?"

Siku shemeji alipokuwa anarudi kwao, mama alisema anakuja naye mpaka uwanja wa ndege. Tulishuka na gari mpaka Tengeru. Tulipofika kwenye lami mama akamwambia dereva asimame. "Muulize," akaniambia, "alisimama wapi."

Shemeji akashuka, akaangalia huku na huku, akapata. Palikuwa pembeni ya kina mama wanaouza ndizi, karibu na nguzo ya umeme. Mama akaenda akasimama pale pale. Ana miguu mibaya, lakini alikataa kushikwa. Aliiangalia ile barabara yetu inavyopanda, akaiangalia mpaka inapokata kona. Kutoka pale kwa bodaboda ni muda wa kumaliza kikombe cha chai.

"Ni hapa tu," akasema. Halafu akasema tena, "Ni hapa tu."

Nikamshika bega. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza habari za shamba, kwamba ile wiki dada alipokuwa kwangu, yeye mama alikuwa anapika loshoro kila siku. Anaipika asubuhi, anaifunika, jioni anampa jirani. Hakuniambia kwa sababu ningemwambia dada, na dada angejua kwamba mama ameshindwa.

"Mwambie mkwe wangu," akasema. "Huyu anaongea na mwanangu kila siku. Amwambie nilikuwa napika."

Muda wote ule nilikuwa nimejifunza imani, ubatizo, roho, kaburi. Neno la kupika nilikuwa nalijua tangu zamani, dada alinifundisha mwenyewe akiwa jikoni kwangu. Nilimwambia shemeji. Akaniuliza tena, kuhakikisha, kila siku? Nikamwambia, kila siku. Akamgeukia mama, akainama pale barabarani mbele ya wauza ndizi, akakaa ameinama. Mama alikuwa hamwangalii. Alikuwa bado anaitazama ile barabara, mpaka dereva akapiga honi kwamba tutachelewa ndege.